Mwana wa Mhunzi Langoni mwa Kiwanda: Sifa za Kazi na Wajibu wa Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hufunzwa madarasani kama funzo kuhusu tabia za kurithi, kisha hupitwa upesi. Ni nadra mwalimu kusimama na kuwaeleza wanafunzi kuwa methali yenyewe ni maelezo ya utaratibu wa mafunzo ya kazi. Mwana aliyekaa kiwandani mwa babake hakuanza kwa kushika nyundo. Alianza kwa kuvukuta moto. Kwa kuvukuta alijifunza kuitambua rangi ya chuma kilichoiva na ya chuma kilichoungua, akajua wakati wa kukitoa motoni na wakati wa kukizamisha majini. Siku alipokabidhiwa nyundo hakuna aliyemdai cheti. Jembe alilolifua ndilo lililomshuhudia.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu ya zama hizi ni tangazo la kazi. Yeyote anayezisoma kurasa za matangazo magazetini na mtandaoni nchini Kenya atakutana na aina mbili za kazi zinazosifiwa kuwa ndizo kazi za kesho. Ya kwanza ni ya fundi stadi wa kiwandani. Aghalabu sifa zinazotakiwa ni stashahada ya uhandisi wa mitambo au wa umeme, tajriba ya miaka kadhaa, uwezo wa kusoma michoro ya kihandisi, na ujuzi wa kuendesha mashine za kukerezea vyuma zinazoongozwa kwa tarakilishi. Ya pili ni ya mchanganuzi wa data. Huyu hutakiwa awe na shahada ya takwimu, uchumi, hisabati au sayansi ya tarakilishi. Ajue programu kama vile Excel, SPSS, Stata, R au Python. Na aweze kuandika ripoti itakayoeleweka na watu wasiokuwa wataalamu. Matangazo yote mawili huandikwa kwa Kiingereza, na yote mawili hutaja cheti kabla ya kuieleza kazi yenyewe.

Mbele ya lango hilo husimama vijana wawili. Wa kwanza amekulia katika vibanda vya Kamukunji jijini Nairobi. Anaweza kukunja bati, kuchomelea vyuma na kuifufua mashine iliyokwisha kutupwa, lakini aliiacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Wa pili ana shahada ya Kiswahili yenye alama nzuri na tasnifu iliyojaa majedwali na asilimia, lakini hulifunga gazeti akisema kuwa hayo ni mambo ya watu wa hisabati. Wa kwanza amefungiwa nje na cheti asichokuwa nacho. Wa pili amejifungia nje mwenyewe. Matatizo yao huonekana kuwa mbalimbali, ilhali chanzo chake kwa sehemu kubwa ni kimoja: lugha ambayo Wakenya wengi huifanyia kazi haijaruhusiwa kuwa lugha ya kuipimia kazi. Maadamu wasomi wa Kiswahili wanaendelea kuliona jambo hili kuwa la wengine, viwanda vitazidi kuwakataa mafundi vinavyowahitaji, na taifa litazidi kutegemea takwimu zilizokusanywa kwa maswali yasiyoeleweka.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi wa kwanza. Neno fundi lina shina moja na kitenzi funda, chenye maana ya kutia mtu maarifa, na kutokana na shina hilo yametokea pia fundisha, funza, mafunzo, mkufunzi na mwanafunzi. Katika lugha hii, aliyefunzwa kwa kalamu na aliyefunzwa kwa tezo ni ndugu wa tumbo moja. Mjenzi wa majahazi wa Matondoni kisiwani Lamu ni fundi. Mchonga milango ni fundi. Mshoni wa kanzu ni fundi. Zana zao zina majina yaliyokomaa: tezo, randa, patasi, keekee, tupa, jiriwa, fuawe, timazi, pimamaji. Yapo miongoni mwa majina hayo yanayohusu kukata na kugonga, na yapo yanayohusu kupima. Kupima ndiko kunakomtenga fundi na mtu anayekisia.

Historia ya taaluma ya takwimu inaliunga mkono jambo hili kwa namna ambayo wengi wanaozitumia programu za takwimu vyuoni hawaijui. Mwaka 1908, jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha makala kuhusu namna ya kufikia uamuzi wa kuaminika kutokana na sampuli ndogo. Mwandishi wake, William Sealy Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ireland. Kiwandani humo hapakuwa na nafasi ya kufanya majaribio mamia kwa mamia juu ya shayiri. Gosset alikuwa na majaribio machache tu, naye alihitaji kujua iwapo tofauti aliyoiona ilikuwa tofauti ya kweli au ilizuka kwa bahati. Mwajiri wake hakupenda wafanyakazi wachapishe utafiti kwa majina yao, kwa hiyo alijiita Student, yaani Mwanafunzi. Kipimo cha t ambacho leo mwanafunzi wa uzamili hukipata kwa kubofya mara moja ni zao la kiwanda, tena kina jina la mwanafunzi. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1924, Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric nchini Marekani alibuni chati ya kudhibiti ubora, kwa madhumuni ya kuzitenganisha tofauti ndogo ambazo haziepukiki katika kazi yoyote na zile zinazoonya kuwa kuna kitu kimeharibika mashineni.

Fundi wa leo huyaishi mambo hayo kila siku. Mhimili wenye kipenyo cha milimita 25 unaokusudiwa kuingia katika beringi hauvumilii makosa. Sehemu chache za mia za milimita hutosha kuufanya ulegee au ukwame. Anayeukereza huupima kwa maikromita, hukiandika kipimo, hukilinganisha na kilichotangulia, na akiona kipenyo kinaongezeka kidogo kidogo kutoka mhimili mmoja hadi mwingine hujua kuwa ncha ya kukatia imeanza kuchakaa. Huko ni kuchanganua data, ingawa kiwandani hakuna anayekuita hivyo. Kwa hakika, mkerezaji na mchanganuzi wanafanya kazi moja kwa vyombo tofauti: kupima, kulinganisha, kushuku na kuamua.

Ikiwa kazi hizi zina undugu wa karibu namna hiyo, na ikiwa Kiswahili kinautambua undugu wenyewe, ni kwa nini basi mwanafunzi wa Kiswahili akajiona mgeni kwazo? Sehemu ya jibu imo katika historia ya elimu ya Kenya. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilitoa ripoti yake mwaka 1981, na kutokana nayo ulianzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Mfumo huo ulikuja na mambo mawili mapya kwa mpigo. Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, na masomo ya sanaa na ufundi, kilimo na sayansi kimu yakaingizwa shuleni ili mwanafunzi aweze kujitegemea. Kiswahili na karakana viliingia shuleni kwa mlango mmoja. Karakana haikudumu. Wazazi walilalamikia gharama, shule nyingi zilikosa vifaa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya ufundi yalikuwa yameondolewa katika mtihani wa shule za msingi. Kiswahili kilibaki, lakini kilibaki peke yake, kikawa lugha ya ushairi, fasihi simulizi na ngeli. Kizazi kizima kilihitimu kikiweza kutaja aina za vitenzi bila kuweza kutaja sehemu za cherehani.

Si kosa kuufunza ushairi. Kosa ni kuwafanya vijana waamini kuwa hapo ndipo mipaka ya Kiswahili ilipo. Huku nje ya darasa, mambo ni mengine. Katika karakana za Nairobi, Thika, Athi River na Mombasa, watu kutoka makabila mbalimbali hufundishana kazi kwa Kiswahili, kiwe sanifu au cha mtaani. Hata jina la sekta inayowaajiri Wakenya wengi zaidi limetoka katika lugha hii. Mafundi waliofua bati juani bila paa waliitwa watu wa jua kali, na neno hilo likavuka mpaka wa lugha: mtafiti Kenneth King alipochapisha kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1996, alikipa jina la Jua Kali Kenya. Kwa mujibu wa ripoti za kila mwaka za Shirika la Kitaifa la Takwimu, sekta hiyo ina zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote nje ya kilimo cha mashamba madogo. Jiko la makaa lenye kauri ndani, ambalo limeenea nchini tangu miaka ya 1980 na kupunguza matumizi ya makaa, liliunganishwa na mikono ya mafundi hao hao. Wasomi wa Kiingereza wamelikopa neno, wapishi wamelipokea jiko; mwenye lugha ndiye ambaye hajaingia karakanani.

Sehemu ya pili ya jibu imo katika mfumo wa vyeti. Kuingia chuo kikuu kwa shahada huhitaji wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, stashahada ya ufundi huhitaji C-, na cheti cha ufundi huhitaji D. Sheria ya mwaka 2014 iliunda mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu wenye ngazi kumi, na ya juu kabisa ni uzamifu. Kwa fundi asiyekuwa na vyeti vya shule, ipo mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Fauka ya hayo, mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili aliyejifunza kazi kwa mikono aweze kutathminiwa na kupewa cheti bila kurudi darasani kuanza upya. Sera hii ni ya kupongezwa. Kwa mara ya kwanza mwana wa mhunzi ameambiwa kuwa kuvukuta kwake kutahesabiwa.

Hata hivyo, kuhesabiwa huko kunapitia katika lugha. Viwango vya kazi ambavyo mtahiniwa hulinganishwa navyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na istilahi zake ni za Kiingereza. Mchukulie fundi ambaye kwa miaka kumi na mitano amechomelea milango na matrela. Akiwekwa mbele ya kazi, mikono yake haitamwangusha. Akiulizwa aeleze kwa Kiingereza sababu ya chuma kupinda baada ya kuchomelewa, huenda akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaandikwa kuwa ni kutojua. Mtu huyo huyo akiulizwa kwa Kiswahili ataeleza kuwa sehemu iliyopata moto hutanuka na kisha kunywea ikipoa, ndiyo maana yeye huanza kwa kushikiza pembe zote nne kabla ya kuunga mshono mrefu. Ujuzi ni ule ule, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni lugha ya swali. Mtihani unaopima Kiingereza huku ukijiita mtihani wa kuchomelea haumdhulumu fundi peke yake. Humdanganya pia mwajiri, kwa maana humwambia kuwa huyu hafai ilhali anafaa.

Suala hili lina hatari zinazozidi kukosa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wawe salama. Maelekezo yasiyoeleweka si maelekezo. Bango la Kiingereza lililobandikwa juu ya mashine ya kukatia chuma, mbele ya kibarua aliyeajiriwa asubuhi hiyo, ni pambo la ukuta tu. Kidole kinachokatwa hakirudi, na hakuna cheti cha meneja kinachoweza kukirudisha.

Upande wa data nao una majeraha yake, ila hayatoki damu, ndiyo maana hayaonekani upesi. Sensa ya mwaka 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kutumia vishikwambi badala ya karatasi. Vifaa hivyo vilitolewa na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini kishikwambi, kama karatasi, hubeba kile tu ambacho mhojiwa amejibu, na mhojiwa hujibu kile tu alichoelewa.

Chukua mfano wa dhana ya watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na kula kutoka chungu kimoja. Vitabu vya takwimu vya Kiswahili huliita kundi hilo kaya. Mhojaji aliyekariri neno hilo akifika Kilifi na kumwuliza mzee ana watu wangapi katika kaya yake, amemwuliza jambo jingine kabisa, kwa kuwa kwa Wamijikenda kaya ni makao matakatifu ya wahenga msituni, yale ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mhojaji akikimbilia neno familia, mzee atamhesabu mwanawe aliyeolewa Malindi na mjukuu aliyeko Nairobi. Akisema nyumba, mwenye nyumba tatu katika boma moja atajibu kwa nyumba moja, au kwa zote tatu. Kila neno huleta idadi yake. Mchanganuzi atakayeipokea idadi hiyo ofisini, hata awe na shahada mbili za takwimu, hawezi kuiponya kwa programu yoyote.

Neno kazi nalo ni mtego. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za takwimu za ajira, mtu huhesabiwa kuwa alikuwa na ajira ikiwa katika wiki ya marejeleo alifanya kazi kwa angalau saa moja kwa malipo au kwa faida. Lakini katika Kiswahili cha kila siku nchini Kenya, kuwa na kazi aghalabu ni kuwa na mwajiri na mshahara. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara tangu alasiri hadi usiku akiulizwa kama ana kazi hujibu kwa unyofu kuwa hana, anajitafutia tu. Kijana wa mkokoteni atasema kuwa yeye hufanya vibarua. Mwenye kuuliza vyema atatenganisha kazi, kibarua, biashara na shughuli, na atauliza kila moja kwa wakati wake. Hiyo si kazi ya mtaalamu wa tarakilishi. Ni kazi ya mtu aliyesoma semantiki na isimujamii, yaani mwanafunzi yule yule aliyelifunga gazeti akisema kuwa tangazo halimhusu.

Hapana budi kuwasikiliza wenye maoni tofauti, kwa sababu hoja zao si nyepesi. Wapo watakaosema kuwa vyeti vina maana. Kwamba hakuna anayetaka tangi la mvuke lililochomelewa na mtu asiyepimwa. Wanasema kweli. Kinachodaiwa hapa si kulegeza kipimo bali ni kukisahihisha. Fundi apimwe kwa ukali wote: mshono wake ukatwe, upindwe, uangaliwe kama una matundu. Akishindwa, ashindwe kwa sababu ya mshono, si kwa sababu ya sarufi ya Kiingereza.

Wapo pia watakaosema kuwa vitabu vya maelekezo ya mashine huja kwa Kiingereza, Kijerumani au Kichina, na kwamba lugha za programu zenyewe zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza, kwa hivyo fundi au mchanganuzi asiyejua Kiingereza hatafika mbali. Hilo nalo lina ukweli. Kiingereza kitabaki kuwa chombo cha lazima kwa anayetaka kupanda ngazi za juu, na si busara kumficha kijana ukweli huo. Lakini kuna tofauti kati ya kumfundisha mtu Kiingereza cha kazi yake na kumnyima kazi kwa kukosa Kiingereza asichokihitaji. Mjerumani huinunua mashine ya Japani na kuieleza kwa Kijerumani. Mwanafunzi anayeelewa kwa Kiswahili maana ya wastani, ya sampuli na ya kosa la kipimo hujifunza maneno ya Kiingereza ya dhana hizo kwa siku chache. Anayekariri maneno bila dhana huweza kukaa chuoni miaka minne asiijue tofauti.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na inaelekezwa kwa wasomi wenyewe: kwamba Kiswahili hakijawa tayari. Hapa lawama haiwezi kukwepwa. Neno kulehemu hutumiwa kwa kuunganisha kwa kuyeyusha risasi au bati, na pia kwa kuunganisha vyuma kwa kuviyeyusha vyenyewe, ilhali hizo ni kazi mbili zenye vifaa, hatari na mitihani tofauti. Mafundi wametatua tatizo hilo zamani kwa kusema kuchomelea, lakini wanaleksikografia hawajawauliza. Kwa miaka mingi vyuo vimebishana kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi, na wakati mabishano yakiendelea watumiaji wamejifunza kifaa hicho kwa Kiingereza. Wastani, asilimia, jedwali, sampuli na hojaji zimekubalika. Istilahi za hatua zinazofuata bado hutofautiana kutoka tasnifu hadi tasnifu. Hata hivyo, kutokuwa tayari si sawa na kutoweza. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na nchini Tanzania watoto wa shule za msingi za umma wamefundishwa hisabati kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka hamsini. Kipenyo, mzingo na pembetatu hazikushuka kutoka mbinguni. Watu waliketi wakazitafuta.

Kuna aibu nyingine inayofaa kutajwa. Mojawapo ya hazina kubwa za matini za Kiswahili zilizopangwa kwa ajili ya uchunguzi wa tarakilishi, yenye maneno takribani milioni 25, ilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini kwa juhudi za Profesa Arvi Hurskainen. Anayetaka kujua neno fulani limetumiwa mara ngapi na katika muktadha gani amezoea kubisha hodi Ulaya. Mwelekeo umeanza kubadilika: mradi wa Kencorpus, uliovishirikisha vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya humu humu nchini. Mradi huo ni ushahidi kwamba mwanaisimu wa Kiswahili anaweza kuwa mchanganuzi wa data bila kuuacha Uswahili wake. Kasoro ni kuwa wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza huhitimu bila kuguswa na mafunzo ya aina hiyo.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja bajeti kubwa. Idara za Kiswahili zinaweza kuwatuma wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waende Kamukunji, Gikomba, Kariobangi na karakana za Kisumu na Mombasa, wayanakili majina ya zana, ya hatua za kazi na ya kasoro kama mafundi wanavyoyataja. Msamiati huo ukichujwa pamoja na idara za uhandisi utatoa faharasa ambayo mtahini wa ufundi anaweza kuishika mkononi. Mamlaka zinazotathmini ujuzi zinaweza kumruhusu mtahiniwa aeleze kazi yake kwa Kiswahili, kwani Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kukifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mashirika ya utafiti yanaweza kuacha mazoea ya kumwachia mhojaji atafsiri maswali papo hapo mlangoni mwa watu, na badala yake yawape wataalamu wa Kiswahili hojaji zao mapema, zitafsiriwe, zirudishwe katika lugha ya awali na mtu mwingine ili zilinganishwe, na zijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kwenda kwa maelfu. Waajiri nao wanaweza kuanza tangazo kwa kueleza kazi yenyewe, kisha waongeze maneno machache yenye uzito: au ujuzi unaolingana, utakaothibitishwa kwa jaribio.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana deni lake. Kozi moja ya takwimu kwa wanaisimu, inayofundishwa kwa Kiswahili na kwa data ya Kiswahili, ingemtoa hofu ya namba kuliko mihadhara kumi ya kumtia moyo. Mwenye kuweza kuzichambua bahari za utenzi, kuhesabu mizani na kuona ubeti ulipopotoka hana sababu ya kuliogopa jedwali. Naye mwanafunzi huyo akingoja tu nafasi ya ualimu, atangoja pamoja na wengi waliohitimu kabla yake.

Mwana wa mhunzi bado yuko langoni. Mikono yake inajua kazi, na sera ya kumfungulia imekwisha kuandikwa, ila mlinzi wa lango hajafunzwa kumwuliza swali kwa lugha anayoielewa. Wa kumfunza mlinzi huyo ni wale waliokisomea Kiswahili hadi kiwango cha shahada. Muungwana ni kitendo.